Nyama Isiyo na Mnyama: Nyama ya Maabara na Soko la Kindu

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, neno nyama hubeba maana mbili: kiumbe kinachowindwa na kitoweo kinachotokana nacho. Kiswahili sanifu kimezitenga maana hizo kwa kiambishi, mnyama na nyama, lakini hata humo ya pili haifikiriki bila ya kwanza. Makala haya yanachunguza jinsi wanasayansi walivyojaribu kuzitenganisha kwa vitendo, na maana ya jaribio hilo kwa mji wa Kindu, Maniema.

2.0 Chimbuko na Biashara

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1931 Winston Churchill wa Uingereza alibashiri kwamba iko siku watu wataacha kufuga kuku mzima kwa ajili ya kidari au bawa, na badala yake watazikuza sehemu hizo peke yake. Mholanzi Willem van Eelen, aliyeijua njaa akiwa mfungwa wa Wajapani katika Vita Vikuu vya Pili, alilishikilia wazo hilo maishani mwake na kupata hataza mwaka 1999. Tarehe 5 Agosti 2013, mjini London, Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht alionyesha kipande cha kwanza cha nyama ya ng'ombe ya kusagwa iliyokuzwa kwa njia hiyo. Kiligharimu yuro 250,000 hivi.

Chembe hai chache hutolewa katika msuli wa mnyama, zikatiwa katika majimaji yenye sukari, chumvi na virutubishi vingine, ndani ya tangi lenye joto kama la mwili, nazo hugawanyika na kuongezeka. Hapo mwanzo majimaji hayo yalitegemea damu ya ndama aliye tumboni. Kwa hiyo mnyama aliyefukuzwa mlangoni alirudi kwa dirishani.

Singapore iliruhusu uuzaji wake Desemba 2020, na Marekani Juni 2023. Italia iliupiga marufuku mwishoni mwa 2023. Barani Afrika, kampuni ya Mzansi Meat ya Cape Town ilionyesha nyama yake mwaka 2022.

3.0 Hali ya Kindu

Kindu ni mji uliozaliwa na usafiri. Reli kati yake na Kongolo ilikamilika takriban mwaka 1911 ili kukutana na meli za mto Lualaba. Sehemu kubwa ya Maniema ni msitu, na mbung'o aenezaye nagana amewazuia ng'ombe wengi kustawi. Kitoweo kimekuwa mbuzi, kuku, samaki wa mtoni na nyama ya pori.

Vita vilipofika Kindu mwaka 1998, treni zilisimama. Zilirejea mwaka 2004. Mji uliokosa reli uliutegemea zaidi msitu. Nyama iliyokaushwa kwa moshi ililetwa kwa baiskeli kutoka misitu ya magharibi, katika bonde la Lomami. Humo ndimo alimotambuliwa kima aitwaye lesula, aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2012, ilhali wawindaji walimjua zamani. Mwaka 2016 Hifadhi ya Taifa ya Lomami ilianzishwa rasmi.

Hapa ndipo penye mgongano. Sheria ya hifadhi humnyima mwindaji pato lake na mlaji kitoweo chake, bila kuwapa badala. Nyama ya maabara ingeonekana kuwa badala hiyo, lakini inadai umeme usiokatika, usafi mkamilifu na mtaji mkubwa. Nyama ya moshi inadai kuni na subira tu. Teknolojia hushinda pale inapokuwa rahisi kuliko ile iliyopo. Katika Kindu, moshi bado haujapata mshindani.

4.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kuwa nyama ya maabara ilibuniwa katika nchi zenye mifugo tele na wasiwasi juu ya gharama ya kuifuga. Tatizo la Kindu ni jingine: mifugo michache, na msitu unaobebeshwa mzigo wa reli na mabanda. Treni ya uhakika, chanjo ya kuku na mabwawa ya samaki vingeweza kumwokoa lesula mapema zaidi kuliko tangi la Maastricht. Mpaka hapo, neno nyama litabaki na maana zake mbili, na kila moja itaendelea kuilipia nyingine.