Safu ya Lugha: Balbu na valvu ni mbalimbali

Siku hizi kila kioo chenye nyaya ndani, kikiwaka kwenye amplifaya ya zamani, kinaitwa "balbu". Hapana. Balbu kazi yake ni kuangaza. Ule wekundu unaouona ndani ya kioo cha aina ya GZ34 ni moto wa kupashia kathodi tu. Jina la kioo hicho ni valvu, nalo tumelipata kwa Waingereza. John Ambrose Fleming aliiita hivyo mwaka 1904 kwa kuwa inapitisha umeme upande mmoja, kama valvu ya bomba inavyozuia maji kurudi. Wamarekani husema tyubu, na GZ34 hiyohiyo kwao ni 5AR4.

Na "valvu kuukuu" je? Kuukuu ni kitu kilichochakaa. Valvu iliyotoka kiwanda cha Mullard, Blackburn, mwaka 1962 ikalala kwenye boksi lake bila kutumika ni ya zamani, lakini ni mpya. Iliyochomolewa kwenye amplifaya ya mtu ndiyo mtumba. Muuzaji akikuapia ni ya 1962, soma msimbo uliochorwa chini kwenye kioo: B ni Blackburn, tarakimu inayofuata ni mwaka. Ila tarakimu ni moja tu, na 1972 nayo huandikwa 2.