Zijue manowari za daraja la Amazon, zilizowinda majahazi ya watumwa

Daraja la Amazon lilikuwa la manowari sita za Uingereza zilizoshushwa majini mwaka 1865 na 1866: Amazon, Vestal, Niobe, Dryad, Daphne na Nymphe. Zilichorwa na Edward Reed.

Hizi ziliitwa slupu, yaani meli za kivita ndogo za kulinda bahari za mbali. Zilijengwa kwa mbao, urefu kama mita 57, na kila moja ilikuwa na injini ya mvuke pamoja na milingoti na matanga.

Kwa nini vyote viwili? Makaa ya mawe yalikuwa ghali na vituo vya kuyapakia vilikuwa vichache. Safari ndefu walitumia upepo. Mvuke uliwashwa upepo ukikata au wakifukuza chombo.

Mbili hazikudumu. Amazon iligongana na meli ya Osprey karibu na pwani ya Uingereza mwezi Julai 1866, ikazama. Niobe ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Miquelon mwaka 1874.

Daphne, Dryad na Nymphe zilifika Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1860 zilikuwa katika kikosi cha Leopold Heath, kilichowasaka wafanyabiashara ya watumwa kuanzia Zanzibar hadi pwani ya Uarabuni. Kazi kubwa ilifanywa na mashua zao, zilizovizia majahazi yakielekea kaskazini na kusi.

Lakini sheria ilikuwa na utata. Hadi 1873, kusafirisha watumwa kati ya Kilwa na Lamu, ndani ya milki ya Sultani, kulikuwa halali. Mabaharia nao walilipwa kwa kila mtumwa aliyeokolewa au kwa tani za jahazi lililokamatwa. Ndiyo maana lawama zilikuja kwamba majahazi mengine yalichomwa moto bila hatia.

Waliookolewa nao hawakurudishwa kwao. Wengi walishushwa Aden, Bombay au Shelisheli, wakaanza maisha upya ugenini.

Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la Zanzibar. Mwaka huohuo, George Sulivan wa Daphne na Philip Colomb wa Dryad walichapisha vitabu kuhusu msako huo.

Slupu nne zilizobaki ziliuzwa miaka ya 1880.