Kisukari cha kingamwili kinachoanza polepole

Ni kisukari cha watu wazima ambapo kinga ya mwili huharibu taratibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Huwapata hasa wenye miaka 30 na zaidi. Kwa kuwa mgonjwa huweza kuishi miezi 6 au zaidi bila kudungwa insulini, mara nyingi huandikiwa kuwa ana kisukari cha aina ya 2.

Kusini-magharibi mwa Uganda kosa hilo hutokea kwa urahisi. Wembamba, ambao kwingineko humfanya daktari ashuku ugonjwa huu, hapa si ushahidi: Waganda wengi wenye aina ya 2 ni wembamba, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa 1958, uhaba wa chakula nao hupunguza mwili. Glukomita huonyesha sukari tu, haionyeshi chanzo chake. Kinachothibitisha ni kipimo cha kingamwili dhidi ya GAD, protini ya seli hizo za kongosho; kisha hupimwa peptidi C, inayoonyesha kiasi cha insulini ambacho mwili bado hutengeneza. Peptidi C ikiwa chini ya 0.3 nmol/l, insulini ni lazima.

Metformini huweza kusaidia mwanzoni. Glibenklamidi, kidonge cha bei nafuu, ni bora iepukwe. Pasipo friji, chupa ya insulini huwekwa kivulini katika chungu cha ndani kati ya vyungu viwili vilivyotenganishwa kwa mchanga uliolowa; ikishafunguliwa hutumika takriban wiki 4. Mgonjwa anayetapika, kuhema kwa nguvu na kunuka ketoni apelekwe siku hiyohiyo Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, hata kama kadi yake inasema aina ya 2.