Bayeke na Lugha Yao

Sisi wa Katanga tunamjua Msiri, lakini lugha yake tunaijua kidogo sana. Alitoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alitangulia kuja huku kufanya biashara ya shaba. Kiyeke njo kilitoka katika Kisumbwa, ndugu ya Kinyamwezi. Kule Bunkeya Bayeke walitawala, lakini walikuwa wachache. Wakaoa kwa Basanga, na batoto wakafuata lugha ya mama. Tarehe 20 Desemba 1891 watu wa Stairs wakamuua Msiri kwa risasi, na nguvu ya ufalme ikavunjika. Leo Bayeke wanasema Kisanga. Kiyeke kimebaki zaidi katika nyimbo na sherehe. Tuulize bazee maana yake, tuiandike. Kama sivyo, batoto wetu wataimba maneno wasiyoyasikia.