Rinofima: kubandua au kuchonga?

Mzee wa Chemchem, hapa Tabora mjini, ambaye pua yake imenenepa na kufanya manundu, hachelewi kusingiziwa pombe. Pengine hajaionja maishani. Pombe yaweza kuuchochea rosasia, ugonjwa wa ngozi ya uso ulio chimbuko la hali hiyo, lakini hata wasiokunywa huipata. Kitaalamu huitwa rinofima, jina alilolitoa Ferdinand von Hebra wa Vienna mwaka 1845 kwa kuunga maneno ya Kigiriki ya pua na uvimbe.

Kwa Kiswahili tuiite “uvimbe wa pua”, basi? Tafsiri hiyo siipendi. Atakayeisoma kwenye karatasi ya rufaa pale hospitali ya Kitete atadhani ni vinyama vya puani, vinavyoota ndani na kuziba pumzi. Rinofima iko nje: tezi za mafuta zimetanuka, ngozi imekuwa nene, vitundu vyake vimepanuka. Napendekeza “nundu ya pua”. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa rosasia hauonekani vizuri, kwa hiyo mtu anaweza kufika kwa daktari nundu ikiwa imeshaota. Hapo daktari makini huondoa kwanza shaka ya ukoma, ambao nao hunenepesha ngozi ya uso.

Kazi iko kwenye jina la upasuaji. Madaktari husema dekotikesheni, yaani kubandua gome. Kwetu neno hilo lina kisa: warina asali wa miombo hubandua gome kutengeneza mzinga, na mti uliobanduliwa pande zote hufa. Pua nayo ikibanduliwa hadi chini, gegedu hubaki wazi na kovu huvuta tundu la pua. Mpasuaji hafiki huko. Baada ya ganzi hupitisha kisu, waya wa umeme au leza, akipunguza tabaka kwa tabaka huku macho yakiwa kwenye vitundu vya tezi. Maadamu vipo, ngozi mpya itachipuka humo. Hashoni kitu, kidonda hujifunika chenyewe, mara nyingi kwa wiki mbili tatu. Pua ina damu nyingi, ndiyo maana umeme na leza hupendwa: hufunga mishipa papo hapo. Vipande vilivyotolewa hupelekwa maabara, maana saratani ya ngozi huweza kujificha humo.

Kwa hiyo nasema “kuchonga nundu ya pua”: cha juu kinapungua, cha chini kinaachwa. Lawama moja naikubali. “Kuchonga pua” peke yake inasikika kama urembo, na karani wa bima anaweza kuisoma hivyo. Nundu isidondoshwe kwenye jina.