UZI: "Citizen" ni raia au ni mwananchi?

1/ Kila mdahalo wa siasa utaskia mtu akisema "citizens wamechoka". Kwa Kiingereza ni neno moja. Sisi tunayo mawili, raia na mwananchi, na wanasiasa huruka kutoka moja hadi lingine bila kutuambia. Mimi naishi Parklands, na historia ya mtaa huu inaonyesha madhara yake.

2/ Raia limetoka Kiarabu: watu walio chini ya mtawala, kama kondoo na mchungaji wao. Leo ni neno la sheria. Mwananchi ni mwana wa nchi. Hilo halina cheti, ni wengine wanaoamua kama unafaa kuitwa.

3/ Uhuru, 12 Desemba 1963. Ukiwa umezaliwa Kenya na mzazi wako mmoja pia amezaliwa hapa, ulikuwa raia moja kwa moja. Wengine walipewa miaka 2 waombe kusajiliwa. Wahindi wengi, wakiwemo wa huku Parklands, hawakuomba. Walibaki na pasipoti za Uingereza.

4/ 1967 zikaja sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara. Asiye raia sasa alihitaji kibali cha kazi, na kuna sehemu na bidhaa alizokatazwa. Watu wakakimbilia Uingereza. Machi 1968 Uingereza nayo ikawabania wenye pasipoti yake wasio na mzazi, babu wala nyanya wa kule. Pasipoti unayo, kwa kuingia huna.

5/ Sasa shika hapa. Sheria ilisema "asiye raia". Mtaani ikasikika "asiye mwananchi". Hata waliojisajili mapema wakaitwa raia wa makaratasi.

6/ Julai 2017 serikali ikawatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44. Lakini si wengi wao walikuwa raia tangu zamani? Walichopewa siku hiyo si uraia. Ni lile neno la pili.

7/ Kwa hivyo mwanasiasa akikwambia "hao si wananchi", muulize: ni raia ama si raia? Kama ni raia, Katiba ya 2010, kifungu cha 12, inampa kila raia haki za uraia, pasipoti na kitambulisho. Haisemi kila mwananchi halisi. Na leo ni Parklands, kesho neno hilo hilo litatumika kwa mtaa wenu.