Neno "Thou" na Maombi Yetu



Wako wengi kati yetu ambao, wakiomba kwa Kiingereza, humwita Mungu "Thou", wakidhani kwamba hilo ni neno la heshima kuu lililotengwa kwa ajili yake. Wamelipata katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611. Lakini katika Biblia hiyo hiyo Bwana Yesu alitumia neno hilo alipomfukuza Shetani kule jangwani. Je, alikuwa akimheshimu?

Zamani Waingereza walisema "thou" kwa mtu mmoja na "ye" kwa wengi, kama sisi tusemavyo wewe na ninyi. Baadaye, kwa kuiga desturi ya Kifaransa, wakaanza kumwambia mkubwa mmoja neno la wengi. "Thou" likabaki la mtoto, mtumishi na rafiki wa moyoni. Tena likawa tusi. Mwaka 1603, Edward Coke alimtupia Sir Walter Raleigh neno hilo mahakamani ili kumdhalilisha.

Ndipo wakatokea Marafiki, wale ambao wamishenari wao walifika Kaimosi mwaka 1902. Katika karne ya 17 huko Uingereza, walikataa kumwongezea mwanadamu cheo kwa ulimi. Walimwambia kila mtu "thou", awe maskini au hakimu. Kijana Thomas Ellwood, aliyejiunga nao yapata mwaka 1659, alimwambia baba yake hivyo. Mzee alimpiga ngumi, akatisha kumvunja meno. (Hata kwetu, kijana akimwambia mzee "wewe!" atatafutiwa fimbo.) Marafiki waliuliza: Mungu huambiwa "thou" katika sala wala hakasiriki, mbona ninyi mwakasirika?

Waliotafsiri Biblia walilitumia kwa sababu Kiebrania na Kigiriki hutenganisha mmoja na wengi. Kiingereza cha leo hakifanyi hivyo, ila Kiswahili chetu hufanya. Fungua Luka 22, mstari wa 31 na wa 32. Bwana anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka ninyi, yaani mitume wote. Kisha anasema amemwombea wewe, yaani Simoni peke yake, usiku ule ule ambao Simoni angemkana mara tatu kabla jogoo hajawika.